Nyusi Moja Begani kwa Mama Baraka

Video ipo, jamani, kwa hiyo hata nikinyamaza haisaidii. Ipo kwenye simu za watu wa Woolwich, ipo kwenye simu za watu wa Hounslow, na imeshafika mpaka Tanga kwa dada yangu mkubwa, ambaye hakuniambia pole wala nini, alinitumia tu vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, mstari mzima. Basi bora nisimulie mwenyewe, maana wanaosimulia wanatia chumvi, eti nilianguka, eti keki ilimwagika. Sikuanguka, na keki haikuguswa. Aibu yangu niliipata nikiwa nimesimama wima, viatu miguuni, mbele ya ukumbi mzima, na yote ilianza na kopo moja la mafuta mgando.

Mimi ni Rehema, mtoto wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja nipo Landani nikihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, kazi ninayoiheshimu, ila mgongo wangu umeshaanza kulalamika. Ninachokipenda hasa ni mekapu. Nimewapaka watu sebuleni kwangu, jikoni kwao, hata mmoja nilimpaka kwenye kiti cha nyuma cha gari akielekea ubatizo wa mwanawe. Sasa pale karibu na soko la Woolwich kuna saluni ya Mama Glory, ina viti vitatu, na kimoja kilikuwa wazi tangu msichana aliyekuwa anakikalia alipohamia mji mwingine. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika nchi hii (ukiacha karatasi za kukaa, na hizo nilishapata). Nikaenda kumwomba. Mama Glory ni mtu wa Bukoba, hasemi sana, akaendelea kusuka kichwa cha mteja wake kama hajanisikia, halafu akasema, "Majira ya baridi kila mtu ni fundi. Mimi nitakuja harusi ya Upendo. Uso wa bibi harusi ukikaa mpaka keki ikatwe, kiti chako. Usipokaa, usinisumbue tena."

Upendo ni rafiki yangu, anafanya kazi uwanja wa ndege na anakaa Hounslow, na mimi kwenye harusi yake nilikuwa fundi na hapohapo matroni. Matroni ndiyo yule anayekaa ubavuni mwa bibi harusi kutwa nzima na kitambaa cheupe mkononi, akimnyooshea shela, akimpangusa jasho, na kutabasamu kila kamera ikigeuka. Kwa hiyo uso wa Upendo ulikuwa mikononi mwangu asubuhi mpaka jioni, kwa maana zote mbili za mikono. Nikajiapiza kwamba hauteremki hata tone.

Na nilijiandaa, msinicheke. Wiki mbili kabla nilimkalisha Upendo jikoni kwangu, nikafunga dirisha, nikawasha oveni ikiwa tupu na mlango wake wazi, nikampaka, tukakaa humo saa nzima tunatazamana kama kuku wanaosubiri siku yao. Uso wa kwanza uliteleza. Nikaufuta wote, nikaanza upya: ngozi safi isiyo na mafuta hata chembe, faundesheni nyembamba, nasubiri ikauke, nyingine nyembamba, poda naigandamiza kwa sponji wala siisugui, halafu ile dawa ya kupuliza ya kushikilia, mara mbili. Wa pili uliteleza kidogo puani, wa tatu ukakaa. Upendo alitoka jikoni kwangu gauni limemganda mgongoni, lakini usoni yuko kama ameshuka kwenye picha. Nikamfundisha yeye na wasindikizaji wake wote sheria moja, nikawakaririsha kama watoto wa chekechea, kwamba jasho likija unagusa, hufuti. Gusa, usifute. Likumbukeni hilo neno, maana aliyelivunja ni mwalimu mwenyewe.

Siku ya harusi ikaja na joto lile ambalo redio inawasihi watu wasitoke bila sababu na maduka yote ya barabara kuu yameishiwa feni. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, na baada ya kuoga nikafanya ninachofanya kila siku tangu nije Landani, nikachota mafuta mgando kwa vidole viwili nikajipaka kuanzia kisigino mpaka kipaji cha uso. Mnajua wenyewe. Hewa ya huku inakausha ngozi mpaka unaweza kuandika jina lako kwenye mguu kwa ukucha, na mama yangu alitulea kwamba mtu hatoki nje amepauka, bora atoke na njaa. Mkono wangu ulifanya kazi yake na akili ilikuwa bado imelala. Hata nilipoona nang'aa kwenye kioo nilifurahi.

Kwenye treni Waingereza walikuwa wanajipepea na magazeti, mmoja amefungua shati mpaka kitovuni, nami nimekaa na sanduku langu la mekapu mapajani nikiwaonea huruma kwa dharau kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, joto nimezaliwa nalo, hawa wataniambia nini kuhusu joto. (Nililosahau ni kwamba joto la kwetu linakuja na upepo na madirisha, na la Landani linakuja na zulia.)

Upendo nilimpaka saa mbili nzima, polepole, kama tulivyofanya jikoni, na alipomaliza kujitazama alinishika mkono akaukaza. Ikabaki nusu saa gari lije, na mimi bado. Sasa hapa ndipo penyewe. Bafu lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Sabuni ilikuwepo, maji yalikuwepo, na mimi fundi nilijua kabisa kwamba juu ya mafuta mgando hakuna kinachoshika. Dakika mbili za kunawa zingetosha. Lakini chumba kilijaa wasindikizaji wa bibi harusi na simu zao wanapiga picha kila kona, na mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na poda nzitonzito ya kuficha, na chini ya ile poda kuna madoa.

Niwaambie tu, leo nasema yote. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilipaka mkorogo, ule wa kuchanganyiwa kwenye kikopo kisicho na jina, nikawa mweupe miezi minne, halafu mashavu yakaungua yakabaki na mabaka meusi mawili, moja kila upande. Hakuna mtu Landani aliyewahi kuyaona isipokuwa mume wangu. Hata kazini kwa wazee naingia zamu ya asubuhi nimeshapaka. Kwa hiyo sikunawa. Nilijiambia faundesheni itakaa tu, mbona kila siku inakaa (kila siku ya baridi, hilo sikujiambia), nikaishindilia juu ya mafuta, tabaka nene kama siagi, nikachora nyusi, nikatia wanja, nikapuliza ile dawa ya kushikilia mara sita kwa ajili ya roho yangu. Kwenye kioo nilipendeza, siwezi kusema uongo.

Kanisani mambo yalianza taratibu. Nilikuwa namtazama Upendo tu, jasho likichungulia juu ya mdomo nagusa na kitambaa, nakikunja upande msafi, natabasamu, na yeye uso wake umetulia kabisa. Mama Glory alikuwa benchi la tatu, mkoba mapajani, hatazami altare, anatazama uso wa Upendo. Nikasikia kitu kinatembea shavuni kwangu polepole, nikadhani ni nzi. Nikasikia kingine kidevuni. Mchungaji alipomaliza na watu wakapiga vigelegele tukatoka nje, nami nimejaa furaha kwa sababu nusu ya safari imekwisha na uso wa bibi harusi haujatikisika.

Nje nikakumbatiana na Mama Baraka, mama mzazi wa bwana harusi, aliyetoka Moshi siku nne kabla na gauni la rangi ya maziwa alilolishonesha miezi mitatu. Alinivuta kifuani kwa nguvu za mama wa Kichaga aliyemwoza mtoto wake wa mwisho, akanikandamiza begani kwake, akaniambia Mungu anibariki kwa kumtunza mkwe wake. Nikamwambia amina, mama. Tulipoachana nikaona watu wawili wanamtazama begani halafu wananitazama mimi halafu wanatazama maua. Nikadhani wanasifia gauni. Hakuna aliyesema. Mtu mzima wa kwetu akiona kidevu chako kina wali hakuambii, anakunywa maji yake tu. Aliyesema ni binti yake Upendo wa miaka mitano, yule wa kumwaga maua, mzaliwa wa huku, aliyenivuta kidole na kuniarifu kwa Kiingereza chake kisafi kwamba uso wangu uko begani kwa bibi yake.

Nikageuka. Kwenye bega la Mama Baraka kulikuwa na shavu langu, rangi ya kahawia, nusu ya mdomo wangu mwekundu, na juu yake, imekaa vizuri kabisa, na upinde wake wote niliouchora asubuhi, nyusi yangu moja.

Nilitaka ardhi ipasuke, ila gari la maharusi lilikuwa linapiga honi na shela lilikuwa mkononi mwangu. Nikajifunika upande mmoja kwa pazia la nywele zangu za kubandika, nikaingia ndani ya gari, nikamwomba Upendo anitazame. Akanitazama kidogo, akasema, "Dada Rehema, upande huu uko sawa." Ndiyo maana nampenda. Nikajiambia keki bado masaa mawili tu, uso wangu si wa mtihani, uache ufe, wa mtihani ni huu hapa.

Ukumbini ndiko kulikokuwa moto wenyewe. Madirisha yalikuwa juu kule darini na hayafunguki, feni ilikuwa moja na ilikuwa inampepea mpiga muziki. Na mnajua sisi hatuingii ukumbini, tunacheza kuingia, hatua mbili mbele, moja nyuma, kutoka mlangoni mpaka meza kuu, nyimbo tatu, huku mshereheshaji anatuambia tusiwe na haraka. Wimbo wa pili, mafuta yangu na wanja wangu vikaamua kuingia jichoni pamoja. Jamani, ule moto. Nikawa sioni. Mkono wangu mmoja umeshika shela, mwingine umeshika kitambaa, na jicho linawaka, basi mkono wenye kitambaa ukapanda wenyewe ukafuta. Haukugusa, ulifuta, kwa nguvu, kutoka kwenye jicho mpaka kidevuni. Nikapata nafuu. Nikaona tena. Nikamwona Upendo, jasho limejaa juu ya mdomo wake, kamera imemsogelea, uso wake uko kwenye skrini kubwa nyuma ya meza kuu mpana kama ukuta, nami kwa mazoea ya kutwa nzima nikanyanyua mkono na kumpangusa.

Mshereheshaji alikuwa katikati ya neno akaliacha hapohapo. Kutoka puani kwa Upendo mpaka karibu na sikio kulikuwa na mstari mweusi na kahawia, mpana wa vidole vitatu, na unang'aa mafuta. Kwenye skrini ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nilitazama kitambaa changu na nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, kopo, bafu, hatua tatu. Sikumtafuta Mama Glory kwa macho, sikuwa na ujasiri huo. Nilimshika Upendo kiwiko, nikamnyakulia mshereheshaji maikrofoni, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua kwamba bibi harusi anarudi baada ya nyimbo mbili, wageni waendelee kucheza. Nikasikia mtu anacheka meza za nyuma, halafu wengi.

Chooni Upendo alijiona kwenye kioo. Midomo ikaanza kutetemeka, na mimi nikajua akilia tu nimekwisha, kwa sababu machozi hakuna anayeyaziba. Nikamwambia asilie, anipe dakika kumi, atalia kesho na mimi nitalia naye. Akavuta pumzi, akakaa juu ya kile kiti cha plastiki cha mwosha choo, akaniinulia uso. Nikafungua sanduku. Nikainama nianze, na tone likadondoka kutoka kidevuni kwangu likatua kwenye kifua cha gauni lake. Kahawia. Mikono yangu nayo ilikuwa imejaa mafuta mpaka brashi inateleza. Nisingeweza kumgusa hivyo. Kila ambacho ningempaka ningekiharibu mwenyewe.

Mlango ukafunguka na Mama Glory akaingia, mkoba mkononi. Aliegemea ukuta karibu na mashine ya kukaushia mikono akasubiri, kama anasubiri basi.

Basi nikafungua bomba. Nilichukua ile sabuni ya rangi ya waridi ya kwenye chupa ya ukutani, nikajisugua mikono mpaka viwiko, halafu uso, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu mpaka maji yakatoka meupe, mbele ya Upendo na mbele ya Mama Glory, nikajikausha na karatasi za choo hicho. Nikanyanyua kichwa. Kwenye kioo tulikuwa watatu, na mimi nilikuwa na mabaka yangu mawili. Niliona aibu mpaka masikio, sitawadanganya, lakini mikono yangu ilikuwa mikavu, na nilikuwa na dakika saba.

Nilifanya kazi kama vile nilivyofanya jikoni kwangu. Nikatoa ule mstari kwa pamba na maji ya kusafishia mekapu, kwa kugusa, nikabadilisha pamba nane mpaka ya mwisho ikatoka safi. Nikaloweka karatasi kwa maji baridi nikampoza shavu. Nikamwambia Upendo ajipepee na kadi ya ratiba na asizungumze. Faundesheni nyembamba, nikahesabu mpaka sitini, nyingine nyembamba, nikahesabu tena, na nje wimbo wa kwanza ukaisha ukaingia wa pili. Poda nikagandamiza. Pale shavu jipya lilipokutana na la asubuhi nililainisha kwa ncha ya sponji hata mimi mwenyewe nikashindwa kuona mpaka uko wapi. Nikapuliza. Lile tone la kifuani nikalifunika na ua nililochomoa kwenye shada lake. Kuna wakati nilinyoosha mkono kutafuta kile kitambaa kilichoangukia sakafuni bila kutazama, Mama Glory akakisogeza mbali kwa ncha ya kiatu.

Nyimbo mbili zilipoisha tulikuwa mlangoni. Upendo aliniuliza kwa sauti ya chini kama nitaingia hivyo au atafutwe matroni mwingine wa kumaliza. Swali lilikuwa zuri na jibu la kukimbilia nyumbani lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini keki ilikuwa haijakatwa. Nikamwambia twende.

Nikaingia na uso wangu, mtupu, umeoshwa na sabuni ya chooni na kwa hakika umepauka (mama yangu anisamehe), nikapita katikati ya watu waliokuwa wananicheka dakika kumi kabla, shela mkononi, karatasi safi badala ya kitambaa. Watu walinitazama, wengine wakanong'ona, mmoja nilimwona kabisa anainua simu. Kisha uso wa Upendo ukatokea kwenye skrini kubwa na vigelegele vikafunika yote. Keki ilikatwa saa moja na nusu baadaye, na alipokuwa anamlisha mumewe nilikuwa namtazama shavu la kushoto peke yake. Lilikaa.

Mama Glory nilimkuta nje akisubiri teksi, amevua viatu. Nikamwamkia upya kana kwamba ndiyo tunaonana, nikaanza kujieleza, mafuta, treni, muda, akaninyamazisha kwa kiganja. "Mafundi wa kupaka nawajua wengi," akasema. "Fundi wa kunawa mbele ya mteja nimemwona mmoja. Jumatatu, saa mbili na nusu." Halafu, akiwa ameshaingia kwenye teksi, akateremsha kioo akaniuliza ule mkorogo nilipaka miaka mingapi. Nikamwambia miezi minne. Akanionyesha baka jeusi nyuma ya shingo yake, chini ya kilemba, akasema yeye miaka mitatu.

Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyotokea, na anayeongeza keki iliyomwagika ni mwongo. Mama Baraka alirudi Moshi na gauni lake, na majuzi alinipigia kunijulia hali, akasema shavu limetoka, mdomo umetoka, ila nyusi fundi wa kufua ameshindwa, na sasa analivalia koti. Nimemwahidi kitambaa cha gauni jingine na nitakipeleka mwenyewe. Mafuta mgando ninayo bado, yanakaa chumbani chini ya kitanda, na mwisho wake ni magotini. Harusini natembea na vitambaa viwili, cheupe cha bibi harusi na cheusi changu, kila kimoja mfuko wake, na sitakaa nirudie kuvichanganya hata jicho liwake namna gani. Na ile Jumatatu nilifika saa mbili na robo, soko ndiyo linafunguliwa, nikakaa kwenye kiti changu nikisubiri mteja wa kwanza, nikiwa sijapaka kitu.